Namna ya Kupiga Muziki Mtandaoni Ukiwa Bariadi, Mpaka Mgonjwa Apate Nauli

Msanii wa Bariadi, liweke gitaa chini kwanza. Nawe manju wa ngoma, usizipashe moto bado. Mmesema mnataka kufanya tamasha la mtandaoni la kuwachangia wagonjwa wa akili wa Mkoa wa Simiyu, nami nimefurahi kiasi kwamba nitawaelekeza njia nzima bila kuomba hata bando la kutazamia. Ila njia yenyewe haianzii studio. Inaanzia hospitali, kwenye benchi la kliniki ya afya ya akili, na neno lake la kwanza ni shikamoo.

Wa kuamkiwa ni mratibu wa afya ya akili wa halmashauri yako. Mara nyingi ni muuguzi, ana meza moja, rejesta moja nene na foleni isiyokwisha. Vua miwani ya giza, hata kama ndiyo iliyokupa jina. Kaa zamu yako ifike. Kisha muulize: dawa gani huisha kabla ya mwezi kuisha? Wagonjwa gani wameacha kuja, na kwa nini? Kumrudisha mmoja kliniki kunahitaji shilingi ngapi? Andika majibu kwa kalamu, usimrekodi.

Pengine ulikwenda ukiamini kwamba shida ni watu kukosa elimu, na tayari ulishatunga kiitikio cha kuwaelimisha. Mratibu atakueleza habari za bodaboda. Sera ya afya imewaweka wagonjwa wa akili kwenye kundi la msamaha wa matibabu, lakini msamaha hauweki mafuta kwenye pikipiki. Dada anayemtoa kaka yake kijiji cha ndani huko Meatu kumleta Mwanhuzi analipa nauli ya watu wawili, na ya mtu wa tatu kama kaka hajatulia, kwenda na kurudi, kila mwezi. Akifika akaambiwa dawa imekwisha, ananunua dukani kwa hela ya chakula cha njiani. Mwezi wa kwanza atakopa. Wa pili atauza kuku. Wa tatu haji, dawa inakatika, ugonjwa unarudi kwa nguvu, na ukoo unakaa kikao kusema hospitali imeshindwa. Haikushindwa. Kilichokatika ni nauli.

Muulize pia kuhusu kifafa, maana wagonjwa wengi wa kifafa nchini hufuatiliwa kwenye kliniki hizi hizi. Wapo watu wazima na akili zao ambao mtoto akianguka wanakimbia, wakidhani povu lake linaambukiza, na mtoto akiangukia motoni anaungua peke yake. Kifafa hakiambukizi, na kidonge kinachomezwa kila siku bila kuruka mara nyingi humwezesha mtoto huyo kukaa darasani kama wenzake. Hilo peke yake linatosha kuwa wimbo.

Ukitoka hapo utakuwa na lengo linalosemeka kwa pumzi moja: tunachangia nauli na dawa za wagonjwa wa kliniki fulani, wilaya fulani, kwa mwaka mmoja. Lengo likikuhitaji uvute pumzi ya pili, rudi kwenye benchi. Usichangie «afya ya akili» kwa ujumla. Hakuna anayejua mlango wa kumpelekea fedha huyo ujumla.

Nasisitiza wilaya kwa sababu ya historia. Kwa muda mrefu, mgonjwa wa akili wa nchi hii alitibiwa mbali na watu wake. Lutindi, kule milima ya Usambara, ilianza kuwapokea mwaka 1904, enzi za Wajerumani. Mirembe ya Dodoma ikafuata mwaka 1927 chini ya Waingereza. Mtu wa Bariadi aliyepelekwa huko alipotea machoni pa kijiji, na jina la hospitali likageuka tusi la kurushiana kilabuni. Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2 katika sensa ya 2022. Watu wote hao wanastahili kutibiwa mahali ambapo mama anaweza kufika na uji kwenye chupa ya chai.

Sasa makaratasi, na nitayapitia haraka kwa sababu hayachezeki. Afisa Utamaduni wa halmashauri atakuelekeza kibali cha BASATA, baraza la sanaa. Wimbo wa mwenzako usiuimbe bila ruhusa yake, na COSOTA, watu wa hakimiliki, wapo kwa ajili hiyo. Soma kanuni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, za maudhui ya mtandaoni kabla kamera haijawashwa. Fedha ziingie kwenye akaunti ya taasisi iliyosajiliwa, au ziende moja kwa moja hospitalini kupitia halmashauri na zitoke na risiti ya serikali. Zisiingie kwenye laini yako. Najua wewe ni mwaminifu. Zisiingie hata hivyo.

Aliyetufundisha umuhimu wa kujipanga mapema ni George Harrison, yule wa Beatles. Tarehe 1 Agosti 1971, kwa ombi la rafiki yake Ravi Shankar, alipiga muziki New York kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Fedha za viingilio, karibu dola 243,000, zilifika UNICEF. Mapato ya santuri na filamu, yaliyokuwa makubwa zaidi, yalinaswa na mamlaka ya kodi ya Marekani kwa miaka mingi, kwa kuwa mpango wa hisani haukusajiliwa ipasavyo kabla ya onesho. Watoto waliokusudiwa wakakua wakisubiri. Kama Harrison na wanasheria wake walinaswa, wewe na binamu yako anayejua mambo ya ofisi mtanaswa pia, kwa hiyo nendeni kwa Afisa Utamaduni Jumatatu asubuhi.

Tarehe ya tamasha italeta ubishi. Tarehe 10 Oktoba ni Siku ya Afya ya Akili Duniani, inaadhimishwa tangu 1992, na kila mwenye koti atakushauri ufanye siku hiyo. Kataa kwa heshima. Oktoba Bariadi ni mwezi wa kutazama mawingu. Hela ya pamba imeshageuka bati, ada na ndama, na kilichobaki kinawekwa kwa ajili ya mbegu. Mwezi wako ni Julai, au mwanzo wa Agosti, pamba ikiwa imepita kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na mtu ana noti ambazo hazijapata kazi. Haya ndiyo majira ya mbina, ngoma zetu za mashindano, tangu enzi za mababu: mavuno yameingia, mwili umepumzika, miguu inawasha. Wiki ya Nane Nane yenyewe iepuke, maana hutaushinda uwanja wa Nyakabindi, uliobeba maonesho ya kitaifa mwaka 2018 na miaka miwili iliyofuata. Ile 10 Oktoba usiitupe, nitakwambia kazi yake.

Kisha changisha kabla ya kuimba. Tarehe 18 Aprili 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa UVIKO-19, Global Citizen na Lady Gaga waliandaa tamasha la wasanii walioimba wakiwa majumbani kwao. Ilitangazwa kwamba zimepatikana karibu dola milioni 128. Mtazamaji hakuombwa senti siku ile, kwa sababu kampuni na matajiri walikuwa wameshabanwa kwa simu siku nyingi kabla. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Mei, Idris Elba aliongoza tamasha la Siku ya Afrika kwenye YouTube kwa ajili ya UNICEF na Shirika la Mpango wa Chakula. Bariadi haina Lady Gaga, lakini ina wenye vinu vya kuchambua pamba, wenye maduka ya pembejeo, wenye mabasi na wafuga ng'ombe ambao zizi lao halihesabiki kwa siku moja. Wafuate wiki tatu kabla. Usiwaombe «chochote walicho nacho», maana watakupa hicho chochote. Waambie: nauli ya wagonjwa kumi kwa mwaka ni kiasi hiki, je, tuandike jina lako? Ahadi iandikwe na iwe imelipwa kabla ya siku ya tamasha, kwa sababu ahadi ya mbele ya kamera huwa tamu kuliko pochi.

Watazamaji nao wapewe njia iliyonyooka: Lipa Namba yenye jina la taasisi, kubwa, chini ya skrini, tangu mwanzo mpaka mwisho. Zile zawadi za maua na simba zinazorushwa kwenye laivu zisiwe njia yako kuu. Mwaka 2022 BBC walichunguza familia za wakimbizi wa ndani wa Syria zilizokuwa zikiomba kupitia TikTok wakakuta mtandao unakata mpaka asilimia 70 ya zawadi. Shangazi yako wa Lamadi anayekutunza elfu tano anataka ifike elfu tano.

Na kwa kuwa tumemtaja shangazi: mpe hesabu. Katika kila ukoo yuko mmoja asiyeogopa mtu, anayekumbuka nani alichanga nini kwenye msiba wa mwaka juzi na nani alikula bila kuchanga. Huyo ndiye mhasibu wako. Wakae watatu, yeye, mratibu na kiongozi wa taasisi, na shilingi isitoke bila saini za wote. Kila nusu saa shangazi asome jumla kwa sauti hewani. Usukuma ina heshima yake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoshwa na mizani ya walanguzi, wakaweka watu wao wenyewe wanaojua kusoma wasimame kando na kuthibitisha uzito. Kutokana na vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake walijenga ushirika, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika vya Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa kabisa Afrika. Babu zenu walidai kuona mshale wa mizani, nanyi muwaoneshe wajukuu wao.

Hapa sasa unaweza kupasha ngoma moto.

Usukumani ushindi wa mbina huhesabiwa kwa vichwa. Kundi la Bagika linacheza upande huu, la Bagalu upande ule, wakati mmoja, uwanja mmoja, na watu wanahama kufuata utamu. Mwenye umati mkubwa ameshinda, hakuna cha jaji. Tangu siku za Ngika na Gumha, ambao makundi haya mawili yanajitaja kwao, watu wameleta chatu, wameleta fisi, wametafuta dawa za mvuto, yote ili kichwa kimoja zaidi kigeuke. Ushindani huu ni mtaji ambao matamasha ya Ulaya hayana, kwa hiyo usiuzime, ubadilishe kipimo tu. Kila kundi liwe na namba yake ya malipo, na ubaoni pasiandikwe watazamaji. Iandikwe idadi ya nauli. Bagika nauli 40, Bagalu nauli 38. Mgalu wa kweli akiona hivyo atauza redio. Mgika aliyeko Mwanza, Kahama au Muscat atampigia simu kaka yake usiku amwamshe. Waacheni wataniane kwa nyimbo kama desturi ilivyo: miguu ya mwenzako, ng'ombe zake waliokonda, sauti yake ya mlango wenye kutu. Chatu aje, pamoja na aliyemzoea.

Kitu kimoja kifungiwe nje ya utani. Anayemwita mpinzani wake chizi, mwehu, au wa kupelekwa Mirembe, kundi lake linakatwa nauli tano ubaoni, na shangazi ndiye anayefuta. Jambo hili nalishikilia kwa moyo wote. Huwezi kumchangia mtu huku unamfanya tusi, na yule dada wa Meatu anasikiliza akiwa amekaa na kaka yake.

Kwenye picha, wigashe itakuokoa. Bugobogobo yenye majembe yanayorushwa hewani inahitaji uwanja, na simu itakata vichwa vya nusu ya wachezaji. Wigashe huchezwa watu wamekaa, safu kwa safu, mikono na mabega yakiyumba pamoja, kwa hiyo wote wanaenea kwenye kioo, na sauti za waimbaji zinasikika bila kupigana na ngoma kubwa. Maikrofoni ya simu ikipigwa ngoma kwa karibu hujinyonga yenyewe na kutoa mkwaruzo, basi simu ikae mbali na mwimbaji awe na maikrofoni yake. Rekodini nyimbo nyingi siku mbili kabla, mazungumzo ndiyo yawe ya moja kwa moja. Umeme ukikatika katikati ya wimbo uliorekodiwa, hakuna atakayelia. Akaunti ya YouTube inataka wafuasi 50 kabla ya kurusha laivu kwa simu, na kuwezeshwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua saa 24, kwa hiyo msianze kuhangaika saa moja kabla. Picha ya kawaida nzuri hula zaidi ya gigabaiti 1 kwa saa upande wa anayerusha, tena peke yake. Nunua bando mbili za mitandao miwili.

Wengi unaowataka hawana simu janja. Omba saa mbili za redio, kwa mfano Sibuka FM ya Maswa, sauti iende huko wakati uleule. Bibi wa Itilima anayesikiliza akimenya karanga anaweza kutuma elfu moja kwa simu ya vitufe, na ndiye anayejua ni nyumba gani yenye mtu aliyefungwa kamba chumba cha nyuma.

Yatakayosemwa kati ya nyimbo ndiyo yenye uzito kuliko nyimbo zote.

Mwaka 2017 mwanarap wa Marekani, Logic, alitoa wimbo ambao jina lake ni namba ya simu ya msaada kwa wanaotaka kujiua. Watafiti walipochunguza siku 34 ambazo wimbo ule ulisikika kuliko zote, baada ya kutoka na baada ya maonesho mawili makubwa ya televisheni, walikuta simu za kuomba msaada zimeongezeka kwa 9,915, na vifo vya kujiua vimepungua kwa 245 kulinganisha na vilivyotarajiwa. Matokeo yalichapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2021. Wataalamu wana jina la athari hii, wamelitoa kwa Papageno, mtega ndege wa opera ya Mozart ya mwaka 1791: amekata tamaa, yuko tayari kufa, wavulana watatu wanamkumbusha kwamba ana njia nyingine, na kengele zake zinalia. Hadithi ya aliyefika ukingoni akarudi huwarudisha wengine. Hadithi ya aliyekwisha kufa, ikisimuliwa kwa mapambo na maelezo ya namna alivyofanya, huweza kuwavuta wengine wamfuate.

Kwa hiyo, hewani, namna mtu alivyojiua haitajwi. Haitajwi kamba wala sumu, wala mti gani. Waalikwa wawe watu waliougua wakapata nafuu, na waseme walikwenda wapi, walimwambia nani kwanza, dawa iliwasumbuaje wiki za mwanzo na nini kiliwafanya waendelee. Taja dalili badala ya majina ya kitaalamu ya magonjwa: usingizi uliokatika wiki nzima, mawazo yasiyonyamaza, sauti zinazoongea chumbani ilhali hakuna mtu, mama aliyejifungua juzi na hataki kumtazama mtoto. Kisha namba, na namba zirudiwe kama kiitikio: 116 kwa mtoto na kwa yeyote mwenye wasiwasi juu ya mtoto, 199 kwa kituo cha simu cha Wizara ya Afya. Na siku ya kliniki ya kila wilaya, kwa jina la siku.

Mwalikwa asivutwe aseme kwamba aliwahi kujaribu kujiua, hata kama mmeshalia pamoja nyuma ya jukwaa. Kanuni ya Adhabu yetu, katika kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, urithi wa sheria za mkoloni. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Natamani tufike huko. Mpaka tufike, kamera yako isimfanye mtu aungame mbele ya taifa. Wala usiingie wodini na simu. Mgonjwa aliyelala hawezi kukuruhusu, na picha yake akiwa uchi wa akili itamsubiri mtandaoni atakapopona na kutafuta kazi au mchumba.

Waganga wa kienyeji nao usiwatukane. Watazamaji wako wengi walianzia kwao, na mgonjwa wa tamasha lako huenda yuko huko sasa hivi. Mwalike mmoja anayekubali kusema hewani kwamba mtu anayezidiwa apelekwe kliniki, na kwamba hakuna wa kufungwa minyororo kwake. Kuna jambo zito zaidi ambalo Usukuma inalijua kwa damu. Kijana akianza kusikia sauti, swali la kwanza la ukoo huwa ni nani amemroga, na jibu limewahi kuwaangukia bibi vizee waliokuwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe wa miaka 50. Walikatwa mapanga. Ukimfahamisha baba mmoja kwamba mwanawe anaumwa ugonjwa wenye dawa, pengine umemwokoa kijana, na bibi wa jirani pia, ambaye hatajua kamwe. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyetufanya wote watu wake, aliimba «Mambo kwa Soksi» kuhusu kondomu wakati UKIMWI unaua na Radio Tanzania ikakataa kuupiga. Watu waliusikia hata hivyo. Msanii husikilizwa na watu ambao bango la zahanati wanalipita tu.

Halafu, saa nne na nusu usiku, zeze likilia, katikati ya vijimoyo na «tupo pamoja kutoka Lagangabilili», mtu ataandika: nimechoka kuishi.

Ataandika. Umemwambia usiku kucha kwamba hapa ni mahali pa kusema. Kwa hiyo kabla hujarusha picha ya kwanza, uwe na watu wawili wa zamu ambao hawaimbi, hawachezi, hawapigi picha, kazi yao ni kusoma maoni. Mmoja awe mtaalamu, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuanza na mratibu. Ujumbe ule usisomwe hewani, na mshereheshaji asimwombee kwa jina. Mtu wa zamu amwandikie faragha, kwa heshima anayostahili: «Kaka, nimeuona ujumbe wako. Niko hapa. Uko wapi sasa, na uko na nani?» Amuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Wanaoogopa kwamba swali litamtia wazo wajue kuwa uchunguzi mwingi umeonesha halimtii, na mara nyingi linamtua mzigo. Asimhubirie, asimwambie wenzake wana shida kubwa zaidi. Aombe namba ya ndugu au rafiki wa karibu, ampigie, amtume nyumbani kwake usiku huohuo, na vyenye kudhuru viwekwe mbali. Asimwache mpaka sauti ya mtu mwingine isikike pale alipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo. Wenye umri huo ndio wafuasi wako. Ukikosa watu wa zamu, ahirisha tamasha. Wenye vinu wataelewa.

Likiisha, msiachane uwanjani. Mle pamoja, mcheke, mwimbaji aliyesikia simulizi nzito asilale peke yake usiku ule. Na wewe msanii unayekesha kila wiki, hulali mpaka unywe, na hujamwambia mtu: kliniki unaijua sasa, mratibu unamjua kwa jina. Nenda.

Kesho yake fedha zihesabiwe mbele ya wote watatu na zikabidhiwe kwa risiti. Mkataba na bodaboda wa kila kata usainiwe, alipwe na hospitali baada ya mgonjwa kufika, siyo kabla. Kisha usitokeze mtandaoni na hundi kubwa ya maboksi.

Tokeza tarehe 10 Oktoba, kama nilivyokuahidi, na mrejesho wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, uliobandikwa pia kwenye mbao za AMCOS na ofisi za kata. Kiasi kilichoingia, kutoka wapi. Kiasi kilichotoka, kwenda wapi. Wagonjwa wangapi walikuwa wameacha kliniki mwezi wa sita, na wangapi wamerudi tangu Agosti, kwa hesabu ya rejesta ya mratibu. Dawa ipi bado inaisha mapema. Shangazi asaini chini. Na kama zimebaki shilingi elfu kumi, ziandikwe nazo, pamoja na nauli ya nani mwezi wa kumi na moja, kwa namba ya kadi ya kliniki, bila jina.